Samaki wa bluu wanavimba tumbo wanakufa mmoja mmoja: jibu kwa mdogo wangu wa Tabata

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Najua inavyouma kuamka asubuhi ukakuta samaki amelala ubavu juu ya mchanga, hasa yule uliyemlea toka akiwa mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Nimesoma ulivyoniandikia mara mbili tatu, ngoja nirudie kwa kifupi ili na wengine wajue tunaongelea nini.

Una tenki la lita 120 hapo sebuleni Tabata, uliweka samaki 14, sita wa njano na nane wa bluu wenye mistari myeusi. Ndani ya wiki tatu wamekufa wanne na wote wameanza vilevile, anagoma kula, anajitenga kwenye kona, kinyesi kinatoka cheupe kirefu kama uzi, tumbo linavimba, siku mbili tatu basi. Unawapa dagaa wa kusaga mara nne kwa siku, na kila Jumapili unamwaga maji yote, unasugua mawe na sponji ya filta kwa sabuni ya unga mpaka vinang'aa, halafu unajaza maji ya bomba, na siku bomba halitoki unachota kisima cha jirani. Na kuna mmoja wa njano kagoma kula wiki ya pili sasa ila hajavimba tumbo. Unauliza ununue dawa gani.

Dawa ipo na nitakutajia huko mbele, ila ukianza na dawa utakuwa unadeki huku paa linavuja. Kilichonishtua mimi kwenye maelezo yako ni kitu kimoja umekipita haraka sana, kwamba waliokufa wote wanne ni wa bluu. Maji ni yaleyale, joto lilelile, chakula kilekile, mbona wa njano hajafa hata mmoja? Hapo ndipo nilipoanzia.

Hao samaki wako kwa ukoo ni ndugu wa sato na perege, na ndugu wa wale furu wa Mwanza, wote ni familia moja, sikilidi. Wa kwako wote wawili ni mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wanaoishi kwenye miamba. Wa njano, Labidochromis caeruleus, asili yake pwani ya magharibi ya ziwa upande wa Malawi, na kule ziwani anatafuta wadudu wadogo na viluwiluwi kwenye nyufa za mawe, kwa hiyo tumbo lake limezoea nyama kidogo. Huyo wa bluu kwa ulivyomuelezea na kwa ile picha ni demasoni, na huyo ni Mtanzania kabisa, anatoka kwenye miamba ya Pombo upande wetu wa ziwa, aliandikwa kitaalamu mwaka 1994. Yeye ni mla mwani.

Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu, maana hiki ndicho kilichobadilisha namna yangu ya kulisha. Nilishawahi kukaa Mbamba Bay siku kadhaa, asubuhi naingia majini na miwani ya kuogelea naelea tu juu ya mawe pale kwenye kina cha kiunoni. Jiwe zima limefunikwa utelezi wa kijani unaofanana na zulia fupi. Mbuna anasimama mbele ya jiwe, anaweka mdomo, anakwangua, anarudi nyuma kidogo, anatema mchanga, anakwangua tena, yaani hivyo hivyo kutwa nzima, na kila anachokwangua ni kidogo kuliko punje ya mchele, tena kingi chake ni majani majani tu yasiyo na shibe. Samaki wa hivyo Mungu amempa utumbo mrefu sana uliojikunja kunja, mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, kwa sababu chakula cha majani kinahitaji muda mrefu kusagika. Sasa wewe chukua utumbo ule uujaze dagaa. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini na mafuta anayo, nyuzinyuzi hana, anaingia kwenye utumbo mrefu wenye joto la Dar anakaa humo muda mrefu kuliko inavyotakiwa anaanza kuharibika, na humo tumboni mara nyingi wapo vijidudu vidogo vyenye mikia, Spironucleus na jamaa zake, ambao samaki akiwa na afya hawamsumbui. Samaki akishiba vibaya, akiwa kwenye maji mabaya na anapigwa na wenzake, vinazaliana, ukuta wa utumbo unaharibika, unaona kile kinyesi cheupe ambacho sio chakula ni ute wa utumbo wenyewe. Baadae figo zinaelemewa, maji yanajaa mwilini, tumbo linavimba. Wafugaji wanaiita blouti ya Malawi. Wa njano wamevumilia kwa sababu nyama kidogo ni chakula chao, ila na wao kwa mara nne kwa siku usiwahesabu wamepona.

Kwa hiyo dagaa achana nao kabisa kuanzia leo. Na moyo wa ng'ombe, minofu ya kuku, mkate, ugali, chakula cha kuku wa mayai, hivyo vyote watu wananiambia wanalishia, hapana. Hata chakula cha sato wa bwawani hakiwafai hawa, kile kimetengenezwa samaki anenepe aende sokoni. Nunua chakula cha vipande vyembamba au punje ndogo zinazozama ambacho kwenye pakti kitu cha kwanza au cha pili kimeandikwa spirulina au mwani, na uangalie tarehe ya kuisha maana vinakaa sana dukani kwenye joto. Hicho ndio kiwe ugali wao wa kila siku. Pembeni mara mbili kwa wiki unaweza kuwapa mchicha uliochovya kwenye maji ya moto dakika moja, au njegere umemenya lile ganda la nje ukaiponda, au kipande cha tango umekichomeka kwenye uma uzame nacho, unakiacha saa mbili tatu unakitoa. Mchicha wa sokoni uoshe sana, majani mengine yanapigwa dawa za wadudu na samaki hana uvumilivu na hizo dawa hata kidogo.

Kiasi, hapa ndipo wengi mnateleza kwa huruma. Samaki wa mbuna kila ukipita mbele ya kioo atakuja anacheza cheza kama hajala toka juzi, ndivyo alivyoumbwa, ziwani anakula kutwa kwa sababu anachokula ni hafifu. Mpe mara mbili kwa siku, kile wanachomaliza ndani ya dakika moja hivi, na siku moja kwa wiki usiwape kitu kabisa. Mimi siku yangu ni Ijumaa, miaka na miaka, hawajawahi kupungua hata gramu.

Sasa tuje kwenye Jumapili yako. Mdogo wangu, najua unafanya kwa upendo, na kwa malezi yetu nyumba safi ni ile inayong'aa, ila hiyo bidii ya Jumapili inawamaliza kuliko hata dagaa. Samaki anatoa amonia kila dakika, kupitia mashavuni kwanza na kwenye kinyesi, na amonia inaunguza mashavu yake yaleyale anayopumulia. Kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga, kwenye uso wa mawe, kunaota bakteria wanaoila hiyo amonia wakaigeuza kuwa nitraiti, nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitraiti kuwa nitreti ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Hao bakteria kuota mpaka watoshe inachukua wiki nne mpaka sita. Wewe kila siku ya saba unawaua wote kwa sabuni na klorini, kwa hiyo tenki lako lina miezi mitano lakini kwa bakteria halijawahi kuvuka wiki ya kwanza. Ule utelezi wa kahawia unaouchukia kwenye sponji ndio filta yenyewe, sponji ni nyumba tu.

Na kwa sikilidi wa maziwa yetu hii hatari ni kubwa zaidi kuliko kwa samaki wengine wa mapambo, na hii sababu wauzaji wengi hawaisemi. Amonia kwenye maji inakaa kwa hali mbili, moja kali inayopenya mwilini na nyingine pole kiasi, na kinachoamua ipi iwe nyingi ni joto na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, 7 ni katikati na kadiri inavyopanda ndivyo asidi inavyopungua. Kwenye pH 7 iliyo kali haifiki hata asilimia 1 ya yote. Kwenye pH 8.5 na joto la nyuzi 28, iliyo kali inafika karibu asilimia 18. Kipimo kilekile cha amonia, lakini sumu imepanda kama mara ishirini na zaidi. Na mbuna wanataka pH hiyo hiyo ya juu, Ziwa Nyasa liko kati ya 7.7 na 8.6, Tanganyika ndio juu zaidi inakaribia 9. Kwa hiyo ukifuga hawa huna nafasi ya kuwa na amonia kidogo, inatakiwa isome sifuri. Nunua vipimo vya matone, sio vile vya karatasi ambavyo vikishika unyevunyevu wa Dar vinadanganya, upime amonia, nitraiti, nitreti, pH na ugumu wa kabonati, yaani wingi wa bikabonati inayoishikilia pH isishuke. Nitreti ibaki chini ya miligramu 40 kwa lita, ikiwa chini ya 20 ndio raha zaidi.

Kusafisha kuanzia sasa iwe hivi. Mara moja kwa wiki toa asilimia 30 ya maji kwa mpira, ukipitisha ule mpira juu juu ya mchanga unyonye kinyesi, yale maji uliyotoa yaingize kwenye ndoo, na ndani ya hiyohiyo ndoo ndio ukamue sponji mara mbili tatu, usiikamue kwenye bomba, na sabuni usiiguse tena, hata kuosha ndoo yenyewe, tafuta ndoo ya samaki peke yake uiandike kwa kalamu ya wino usiofutika ili dada wa kazi asije akafulia. Mawe yenye mwani yaache, kioo cha mbele pekee ndio ufute. Mbuna wako wa bluu watakushukuru, watakwangua hayo mawe kama kwao.

Maji sasa. Ya bomba hapa mjini mengi yanatoka mto Ruvu, yametiwa klorini ili sisi tusiugue, na klorini hiyo hiyo inaunguza mashavu ya samaki na kuua bakteria wa filta. Chota jana yake kwenye pipa lililo wazi, weka jiwe la hewa, lile linalofungwa kwenye mpira wa pampu ya hewa, libubujike usiku kucha, au tumia dawa ya kuondoa klorini ambayo ndani yake ni thayosalfeti, inafanya kazi dakika hiyohiyo. Ukisikia maji yana harufu kali kama ya bwawa la kuogelea basi fanya vyote viwili.

Ya kisima cha jirani mimi ningeyaacha mpaka uyapime. Kuna dhana mtaani kwamba samaki wa Nyasa na Tanganyika wanapenda chumvi kwa hiyo kisima cha chumvi kinawafaa. Sio kweli. Yale maziwa ni maji baridi, ya kunywa kabisa, ugumu wake unatokana na bikabonati na magnesiamu na kalsiamu, wala sio chumvi ya mezani kama ya visima vyetu vingi vya huku pwani. Ukionja ukasikia chumvi ulimini, hayo sio maji yao. Pili, visima vifupi vya mitaani vilivyojibana na vyoo vya shimo mara nyingi vinakuja na nitreti tayari, unabadilisha maji ili kupunguza nitreti kumbe unaiongeza. Pima amonia na nitreti ya kisima kabla ya kuchota hata ndoo moja.

Kupandisha pH na kuishikilia, usinunue vichupa vya gharama. Tafuta mawe meupe ya chokaa au matumbawe ya zamani, yale wazee wetu walikuwa wanajengea nyumba huku pwani, vipande vidogo ukavisuuze sana na kuviweka kwenye mfuko wa wavu ndani ya filta. Usiende kubomoa matumbawe hai baharini, na mchanga wa ufukweni pia uache ufukweni. Yale mawe yanayeyuka taratibu maji yakianza kuwa na asidi, yanajirekebisha yenyewe. Kama ugumu wa kabonati bado uko chini, kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda kwa kila lita 20, bekingi soda sio bekingi pauda, ile pauda ina vitu vingine ndani, na usimwage siku moja, gawanya kwa siku nne tano. Na hapa sikiliza vizuri: kwa hali ya tenki lako sasa hivi, usianze na pH. Anza kuitoa amonia kwanza kwa kubadilisha maji. Ukipandisha pH huku amonia imejaa, ile amonia pole inageuka kali wakiwa humohumo ndani, asubuhi unakuta msiba.

Joto. Hii Januari na Februari tenki la sebuleni bila feni linafika nyuzi 30, 31, na samaki hawa wanataka 25 mpaka 27. Maji ya nyuzi 25 yanabeba kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 31 kama 7.4, na wakati huohuo mwili wa samaki kwenye joto unataka oksijeni nyingi zaidi, na chakula tumboni kinaoza haraka zaidi. Ndio maana blouti nyingi zinazoletwa kwangu ni za miezi hiyo. Fungua mfuniko, elekeza feni ndogo ipulize juu ya maji, itashusha kama nyuzi mbili, siku zenye unyevunyevu mwingi itashusha pungufu. Maji yatapungua kwa kukauka, jazia ya bomba uliyoyatoa klorini, usiongeze chumvi wala bekingi soda kwenye hayo ya kujazia kwa sababu madini hayakauki, yamebaki. Tenki lisikae linapigwa na jua la dirishani wala juu ya friji. Heta kwa Dar huihitaji, labda kama unalala na eisii inapuliza tenki.

Umeme ukikatika, jiwe la hewa la pampu ya betri au ya kuchomeka kwenye pawabenki ndio uhai wako, iwe imekaa tayari siku zote na imechajiwa. Nilipoteza frontosa tisa, wale sikilidi wakubwa wa Ziwa Tanganyika, usiku mmoja wa Februari, umeme ulikata saa tano usiku ukarudi alfajiri, na kilichowaua nadhani haikuwa ule ukosefu wa hewa peke yake. Filta yangu ilikuwa ile ya ndoo iliyofungwa, maji yamesimama ndani saa sita bila oksijeni, bakteria wamekufa humo, umeme uliporudi pampu ikayasukuma yale maji meusi yenye harufu ya yai viza moja kwa moja kwenye tenki na mimi nimelala. Toka siku hiyo umeme ukikata zaidi ya saa moja na nusu nachomoa filta ukutani, ukirudi naifungua kwanza namwaga yaliyomo nasuuza kwa maji ya tenki ndio nawasha. Na siku ya giza hakuna kulisha.

Ukubwa wa tenki nalo nisiliache. Lita 120 kwa demasoni wanane ni padogo, ni wafupi hao, sentimita saba nane tu, lakini ni wakali kwa wenzao wa rangi yao kuliko samaki yeyote wa saizi hiyo ninayemjua. Dume mmoja anatawala, wengine wanakaa kona ya juu mikia imechanika, hawali kwa amani, na samaki mwenye hofu ndiye wa kwanza kuugua tumbo. Njia ni mbili. Uongeze tenki liwe na urefu wa mita 1.2, lita 200 na kuendelea, uwajaze kumi na mbili na zaidi ili ugomvi ugawanyike asiwepo mmoja anayeonewa peke yake, na filta izungushe maji yote mara sita mpaka kumi kwa saa. Au uwatoe hao wanne waliobaki umpe mfugaji mwenye nafasi, ubaki na wa njano sita ambao kwa lita 120 wataishi vizuri kabisa. Mimi kwa sasa ningeshauri hiyo ya pili, halafu ukikusanya hela ndio urudi kwa demasoni kwa heshima yao. Ila usije ukawamwaga mtoni au kwenye bwawa la mtu. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, alipokuja kuzaliana miaka ya 1980 aina nyingi mno za furu zikapotea, na hazijarudi zote mpaka leo. Samaki wa ziwa moja abaki wa ziwa hilo.

Kama utaamua kubwa, kumbuka lita moja ni kilo moja, kwa hiyo lita 240 na kioo na mawe unakaribia kilo 350, fundi akuchomelee stendi ya chuma na uweke mkeka wa sponji nyembamba chini ya kioo, na mawe makubwa yakae juu ya kioo kwanza ndio mchanga ufuate, kwa sababu mbuna wanachimba, jiwe lililokaa juu ya mchanga litaporomoka.

Haya, leo jioni ufanye nini. Acha kulisha siku tatu, wote. Badilisha asilimia 30 ya maji leo, na hivyohivyo kila siku kwa wiki nzima, maji yaliyotolewa klorini na yenye joto linalolingana na ya ndani, maana kwa sasa huna bakteria na wewe ndiye filta. Kama una rafiki mwenye tenki lililotulia na samaki wazima, muombe kipande cha sponji yake chafu ukiweke ndani ya filta yako, hicho kipande kimoja kinakuokolea wiki kadhaa. Ukikuta kati ya wa bluu kuna aliyegoma kula au ana kinyesi cheupe ila bado hajavimba, huyo anaokoleka. Mtoe peke yake kwenye beseni kubwa la lita 40 lenye jiwe la hewa na kipande cha bomba la plastiki ajifiche. Weka chumvi ya haluli, magnesiamu salfeti ile ya famasi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 20, inasaidia kutoa maji mwilini na kulegeza tumbo. Halafu metronidazole, wengi mnaijua kama Flagyl, miligramu 250 kwa lita 40, saga kidonge kiwe unga laini, koroga kwenye kikombe cha maji ndio umwage, soma kwenye pakti kidonge chako ni miligramu ngapi kabla ya kukata. Kesho yake toa robo ya maji, rudishia mapya na haluli ya hayo mapya tu, weka dawa tena, hivyo siku tatu mpaka tano. Usiiweke dawa kwenye tenki kubwa na usichanganye na antibayotiki nyingine uliyoambiwa na mtu. Akianza kula hata punje moja ya spirulina, hiyo ni dalili nzuri kuliko zote. Aliyekwisha vimba mpaka magamba yamesimama kama nanasi, nisikudanganye, hao wengi hawaponi, mtenge tu asipigwe na wenzake.

Nimemuacha mwisho yule wa njano aliyegoma kula wiki mbili, kwa sababu kwake nina habari nyingine. Kaa mbele ya kioo usiku taa zikiwa hafifu, umuangalie kidevuni. Kama chini ya mdomo pamejaa pameshuka kama kifuko, na kila baada ya muda anatafuna tafuna hewa kama mtu mwenye pipi mdomoni, huyo haumwi. Amebeba mayai. Mbuna jike anataga, anayachukua mdomoni, anakaa nayo humo wiki tatu hivi mpaka vitoto viweze kuogelea, na muda wote huo hali kabisa au anaokota kidogo sana. Tumbo lake linakuwa limebonyea, halivimbi, na hiyo ndiyo tofauti yake na wagonjwa. Kwa hesabu yako amebakiza kama wiki moja. Usimkamate, usimfukuze na neti, akishtuka anaweza kuyatema au kuyameza yote. Huyo haluli na Flagyl havimhusu. Mrundikie mawe madogo upande mmoja yenye mianya ambayo kidole chako hakiingii, na usiku atakapowaachia utawaona humo ndani, urefu wa punje ya mchele, labda kumi, labda ishirini. Saga spirulina iwe vumbi kati ya vidole viwili uwanyunyizie pale kwenye mianya, na yule mama mpe chakula chepesi kidogo kidogo siku za mwanzo, maana tumbo lake limekaa wazi siku ishirini.